Tukijitoa Jumuiya, mzigo wangu wa vitunguu utakuwa mgeni wa nani?

MamaVitunguu (Kilombero, Arusha)

Habari za jioni wanajukwaa. Swali langu ni la mtu wa soko, wenye digrii mnivumilie.

Mimi nanunua vitunguu Mang'ola, napanga magunia Kilombero, na Mungu akijalia kila wiki natuma fuso moja Nairobi kupitia Namanga. Mteja wangu pale Marikiti ni mama wa Kikamba, huu mwaka wa saba tunafanya kazi. Alipofiwa na mumewe nilipanda basi nikaenda kuzika. Nilipojifungua wa mwisho alinitumia blanketi na unga wa uji. Tunakopeshana bila karatasi.

Juzi kijiweni ukazuka ubishi. Kijana anayetengeneza simu anasema bora Tanzania ijitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki, majirani wanatunyonya tu, "mbona Uingereza ilitoka Ulaya na haijafa?" Mwingine anasema hata wale wa Sahel wametoka na wanapumua. Yule mzee wa kahawa akainua birika lake akasema, tukitoka leo, kesho Kenya ni adui. Nikarudi nyumbani usingizi hauji.

Basi naomba kujua: nchi ikijitoa kwenye jumuiya ya biashara, urafiki wake na wenzake unakuwaje? Unavunjika? Unapoa? Au biashara ni biashara na udugu ni udugu? Nataka mifano ya kweli, siasa za vyama wekeni pembeni.

Chalii_wa_Ngarenaro

Mama usikose usingizi kwa hilo. Ukitoka huku unasaini mkataba wa nchi mbili kule, maisha yanasonga. Nchi hazina urafiki, zina maslahi. Vitunguu vya Mang'ola Wakenya watakula tu, kachumbari yao wataifanyia nini?

Mzee_wa_Holili (Moshi)

Marahaba kwa watakaoniamkia.

Mwanangu MamaVitunguu, nimesoma swali lako mara mbili. Nilifanya kazi ya uwakala wa forodha Holili na Namanga tangu 1986 hadi 2019. Sijui siasa za dunia, ila karatasi za mpakani nazijua kama mke wangu anavyojua madeni yangu. Kwa hiyo nitajibu kwa karatasi, na kwa jambo moja la nyumbani.

Kwanza niwaulize. Ni wangapi hapa mnajua kwamba Tanzania imeshawahi kujitoa kwenye jumuiya ya biashara? Sisemi 1977, hiyo nitaifikia. Nasema mwaka 2000. Tulikuwa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Enzi za Mkapa tukatoa notisi, tukatimiza muda, Septemba 2000 tukatoka. Kenya ikabaki, Uganda ikabaki, Zambia ikabaki, na makao makuu yenyewe yako Lusaka. Kuna aliyesikia balozi amefukuzwa? Kuna mpaka uliofungwa? Wengi wenu hamkujua hata kama tulitoka.

Kulikuwa kimya kwa sababu tulihama nyumba tukiwa na funguo za nyingine mfukoni. Na Zambia tulikuwa na reli ya TAZARA, tulikuwa na bomba la mafuta la TAZAMA tangu 1968, na wote tuko SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Na Kenya na Uganda, mkataba mpya wa Afrika Mashariki ulisainiwa hapa hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika 7 Julai 2000. Hesabuni wenyewe: miezi miwili kabla ya kutoka COMESA tulikuwa tumeshaingia kwingine na majirani wale wale. Nani angenuna?

Lakini msidhani ilikuwa bure. Misri haiko SADC wala haiko Afrika Mashariki, kwa hiyo mzigo wa Misri tuliozoea kuupitisha kwa unafuu wa COMESA ukapoteza unafuu huo. Na hata kwa Kenya, umoja wa forodha haukuanza mpaka 2005. Katikati hapo nilikuwa na wateja wanakuja kaunta wameshika vyeti vya uasili vya COMESA, vile vya kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani, safi, na mihuri yote. Nawaambia jamani, hivi sasa ni vya kufungia karanga. Wananitukana mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyetoka.

Halafu kuna kituko ambacho madereva wa malori wanakijua. Ile kadi ya njano ya bima ya magari yanayovuka mpaka ni ya COMESA. Tulitoka COMESA, kadi ya njano hatukuiachia. Hadi leo lori letu likienda Zambia linaibeba. Na ile benki ya COMESA iliyokuwa ikiitwa ya PTA, sasa wanaiita TDB, Tanzania bado ni mwanachama. Tuliaga sebuleni, tukabaki jikoni. Kwa hiyo ukisikia nchi "imejitoa", usikimbilie kulia wala kushangilia, uliza kwanza imeacha nini na imebaki na nini.

Sasa 1977.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba alikuwa fundi kwenye shirika moja la Jumuiya ile ya kwanza, ile ya mkataba wa 1967. Mimi nilidhani Afrika Mashariki ni nchi, kwa sababu kofia ya baba, stempu za barua na tikiti ya treni vyote viliandikwa hivyo. Wakati ule hakuna aliyeandika barua ya kujitoa. Tangu Amin apindue Uganda 1971, Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na mkutano wa marais watatu ndio uliokuwa kichwa cha Jumuiya. Miaka sita mwili unatembea bila kichwa. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege la pamoja likafa, Kenya ikaanzisha lake, na Februari Tanzania ikafunga mpaka. Magari ya watalii ya Kenya yaliyokuwa upande huu yakakwama. Ilipofika katikati ya mwaka Jumuiya yenyewe ikazikwa bila matanga.

Sasa ona tofauti na COMESA. Hapa kulikuwa na mali: ndege, mabehewa, meli za ziwani, bandari, posta, nyumba za watumishi. Na kila mmoja alikuwa ameshika kile kilichokuwa kwenye ardhi yake, akisema mwenzake ndiye mwizi. Akaletwa mpatanishi, Dkt. Victor Umbricht, Mswisi. Hesabu zikaisha kwa makubaliano yaliyosainiwa Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Miaka saba! Mpaka wenyewe ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya marais watatu kukaa hapo hapo Arusha. Mimi naona wazi kuwa kufungua mpaka na kumaliza hesabu lilikuwa jambo moja. Huwezi kumkaribisha chai mtu unayedai amekaa na behewa lako.

Jambo la nyumbani ndilo hili. Shangazi yangu aliolewa Taveta. Kutoka Holili ni kilomita chache, mnajua, unaweza kwenda na kurudi ugali haujapoa. Alifariki 1979. Mpaka umefungwa. Baba, mtumishi wa serikali ya watu, mtu asiyewahi kuchelewa kazini, alipita njia za panya usiku, akakatiza mashamba ya mahindi akiwa amevua viatu ili visitoe sauti, aende kumzika dada yake. Alirudi alfajiri ya siku ya tatu na miba miguuni na mche wa sabuni mfukoni, maana kwetu sabuni ilikuwa haipatikani. Mama alifurahia sabuni kabla hajauliza habari za msiba. Hilo baba hakumsamehe kwa muda mrefu.

Mafao yake yalifuata mgawanyo wa mali. Sitasema alizungushwa na nani, wote wameshatangulia. Ila wakubwa walishakumbatiana na kupiga picha, na yeye bado alikuwa na bahasha yake ya kaki anaibeba kwenda Dar na kurudi.

Kuna jeraha lingine liko wazi mpaka leo, waulizeni madereva wa watalii. Serengeti na Maasai Mara ni pori moja, nyumbu hawaulizwi pasipoti. Lakini mtalii aliye Serengeti kaskazini, anayeiona Mara kwa macho, haruhusiwi kuvuka Bologonja. Lango lile lilifungwa 1977. Anazunguka Sirari au anarudi Namanga. Jumuiya mpya ipo, makao makuu mapya tumejengewa na Wajerumani tangu 2012, marais wamepita kwa makumi, na Bologonja bado imefungwa. Mlango ukishafungwa, kuna watu wanajifunza kula kwa kufungwa kwake, na hao hawataki ufunguliwe tena.

Kwa hiyo mzee wa kahawa kakosea kidogo, na huyu Chalii kakosea sana. Adui hatokei kwa sababu ya barua ya kujitoa. Anatokea mkiachana mkiwa na mali ya pamoja ambayo haijagawanywa na hakuna meza nyingine ya kukutania.

Nuru_wa_Usa (Usa River)

Shikamoo mzee wetu. Habari ya viatu imenikaa.

Mimi nasoma uhusiano wa kimataifa, naomba niongeze kwenye mifano aliyotaja mama, kwa sababu inaunga mkono hoja ya mzee lakini ina kona zake.

Sahel: Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza kujitoa ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, Januari 2024, zikatoka rasmi 29 Januari 2025. Wale hawakuondoka kwa sababu ya ushuru. Baada ya mapinduzi ya Niger ya Julai 2023, ECOWAS iliweka vikwazo na kutishia kutuma jeshi, na Nigeria ikakata umeme ambao Niger ilikuwa ikiutegemea. Fikiria jirani anayekuuzia umeme anakuzimia taa. Kwa hiyo urafiki ulikufa kwanza, kujitoa kukafuata, kama Amin na Nyerere. Hata hivyo tarehe yenyewe ilipofika, ECOWAS ikawaambia wanachama wake waendelee kutambua pasipoti za nchi zile tatu na kupitisha bidhaa zao kama zamani. Na zile tatu hazikutoka UEMOA, umoja wa sarafu wa Afrika Magharibi, kwa hiyo bado zinatumia faranga ya CFA pamoja na Senegal, Côte d'Ivoire, Benin na Togo. Sebule na jikoni tena, mzee.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba marafiki hawakupoa kwa kiwango kimoja. Togo, yenye bandari ya Lomé, ilibaki rafiki mkubwa. Ghana ikateua mjumbe maalumu wa kushughulika na nchi zile. Niger na Benin, zinazopakana, zikagombana hadi bomba la mafuta linalotoka Agadem kwenda pwani ya Benin likaingia kwenye ugomvi. Anayeishi kwa bandari hawezi kumnunia anayeleta mzigo, ila mwenye mpaka unaowaka moto ana hesabu nyingine.

Uingereza: walipiga kura Juni 2016, wakatoka 31 Januari 2020. Kwenye ulinzi hawakuyumba, NATO wapo. Lakini Mei 2021, kwa ajili ya leseni za uvuvi tu, mashua za wavuvi wa Ufaransa zilijazana bandari ya Jersey, kisiwa kilicho chini ya ulinzi wa Uingereza, na Uingereza ikatuma meli mbili za kivita. Washirika wa NATO hao, wanatunishiana misuli kwa samaki! Na kidonda kikubwa ni Ireland. Amani ya 1998 ya Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, ilijengwa juu ya mpaka usioonekana kati yake na Jamhuri ya Ireland iliyo ndani ya Umoja wa Ulaya. Uingereza ilipotoka, forodha ilibidi ikae mahali. Ikiwekwa nchi kavu inaharibu amani, ikiwekwa baharini Ireland ya Kaskazini inajiona imetengwa na Uingereza yake yenyewe. Uingereza na Ulaya walibishana hadi makubaliano ya Windsor ya Februari 2023, na kelele hazijaisha zote.

Na jambo ambalo watu wa Arusha tunalisahau: kutoka kwa Uingereza kulitupasua sisi. Julai 2016, Tanzania ilikataa kusaini ule mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba Uingereza inatoka. Kenya na Rwanda zikasaini Septemba. Kisha Desemba 2020 Kenya ikasaini na Uingereza peke yake, maana maua na mboga zake vingeanza kulipishwa ushuru. Kwa hiyo mtu alihama nyumba London, na kwetu ndugu wakaanza kulala vyumba tofauti.

Chalii_wa_Ngarenaro

Sawa nimekubali za COMESA sikuzijua. Ila mzee, mbona hata tukiwa ndani ya Jumuiya bado tunafungiana? Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, watu wa Himo walilia. Na sisi 2017 tulichoma vifaranga vyao zaidi ya 6,000 Namanga. Sasa faida ya kuwa ndani ni ipi? Ugomvi tunao, uhuru hatuna.

Mzee_wa_Holili (Moshi)

Swali zuri mangi, hili sasa umeuliza kama mtu mzima.

Mahindi ya 2021: yalizuiwa wiki ya kwanza ya Machi. Siku chache baadaye zuio likaondolewa, yakabaki masharti ya vyeti na vipimo. Mei Rais Samia akaenda Nairobi, mambo yakalegea. Mpaka wa 1977 ulichukua miaka zaidi ya sita. Mimi nilishaacha kazi wakati huo, lakini nilikaa Himo na wale wafanyabiashara, wanapiga simu kwa watu wenye vyeo pande zote, kwenye ofisi ambazo zipo kwa sababu Jumuiya ipo. Simu inapokelewa. Mwaka 1977 hakukuwa na wa kupokea. Ugomvi wa ndani ya nyumba una mtu wa kuuamua hata kama anachelewa, hata kama anapendelea.

Vifaranga sina la kusema. Ilikuwa aibu.

Kuhusu mkataba wa nchi mbili: unadhani utakaa mezani na Kenya ukiwa sawa na ulivyokuwa? Ukiwa ndani, kitunguu cha Mang'ola kinaingia Nairobi bila ushuru kwa haki. Ukitoka, bidhaa yako inakuwa mgeni, inapimwa kwa ushuru wa pamoja wa nje, ule ambao nchi za Jumuiya zinatoza mizigo ya wasio wanachama, ambao kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25 au 35. Ili upunguziwe, unaomba. Na anayeombwa atataka kitu. Atataka ndege, atataka magari yake ya watalii, atataka viwanda vyake. Na Uganda na Rwanda watakuwa wamekaa upande wake wa meza.

MamaVitunguu (Kilombero, Arusha)

Asanteni sana, mzee shikamoo kabisa. Nuru ubarikiwe.

Nina maswali mawili ya kibubusa. La kwanza, wakiamua kutoka, tutaamka asubuhi tukute geti limefungwa? La pili, mimi na mama wa Marikiti tutakuwa nani?

Mzee_wa_Holili (Moshi)

La kwanza nalijua kwa kifungu. Mkataba wa Afrika Mashariki, ibara ya 145: Bunge la nchi inayotaka kutoka lipitishe kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha nchi itoe notisi ya maandishi ya miezi kumi na mbili kwa Katibu Mkuu. Walioandika ibara hiyo walikuwa wameiona 1977 kwa macho. Kwa hiyo geti halifungwi usiku. Una mwaka mzima wa kuuza vitunguu na kununa.

Mradi upo ndani, tumia haki yako. Mzigo usiozidi dola 2,000 na umetoka nchi mwanachama, kuna cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, unajaziwa pale pale mpakani. Nimeona akina mama wengi wanamlipa kijana wa nje ya geti awavushe kichochoroni kwa pesa kubwa kuliko usumbufu wa cheti. Fuso lako linazidi kiwango hicho, kwa hiyo wewe unahitaji cheti kamili na wakala. Usikubali akuambie "nitakuwekea tu", dai nakala ukae nayo.

La pili sina kifungu. Baba alipita mahindini kwa sababu ya dada yake, na Wataveta waliompokea usiku ule hawakumuuliza Jumuiya iko wapi. Lakini alikwenda mara moja tu katika miaka sita. Watoto wa shangazi na sisi tulikuja kukutana mimi nikiwa na miaka ishirini na mbili, tukasalimiana Kiswahili cha wageni, "karibu, keti". Hatukuwa na ugomvi wowote. Hatukuwa tu na hadithi ya pamoja ya kusimuliana.

Nuru_wa_Usa (Usa River)

Mzee, na zile nyaraka za baba yako unazo bado? Kuna watu chuoni wanakusanya habari za watumishi wa Jumuiya ya kwanza.

Mzee_wa_Holili (Moshi)

Bahasha ninayo. Mchwa wamekula kona moja, kofia iko salama. Njoo Moshi, ila si Jumamosi, nina mbege ya arusi.

MamaVitunguu (Kilombero, Arusha)

Jamani nimeelewa. Fuso linatoka Alhamisi. Nimempigia mama wa Marikiti sasa hivi nikamwambia tukae tuandike hesabu zetu, ananidai ya Machi na mimi namdai ya Juni. Akacheka, akauliza kwani kuna nini huko Arusha, nani kakutisha. Nikamwambia hakuna, ni wazee tu wa Moshi.